Walowezi wa Kericho hawakujipanga peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na ikiwezekana nafasi kubwa kuliko ile ya kawaida, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa aya tatu.

Hivi majuzi ulichapisha barua ya msomaji mmoja aliyewashauri vijana wa Bonde la Ufa waache kulalamikia mashamba ya chai. Alisema Waingereza waliofika hapa walikuwa watu wa kawaida wenye familia zao, wengine bila mali yoyote, wakajipanga kwa makundi, wakavuka bahari, wakatoa jasho, na ardhi ikawalipa. Nasi tujipange vivyo hivyo, akasema, badala ya kunung'unika. Nimefundisha historia katika shule za upili huku Kericho na Bomet mpaka nikastaafu, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, hata kwa walimu wenzangu. Si kwamba yote ni uongo. Walijipanga kweli. Ila kujipanga kwao kulikuwa kazi ya serikali, juu ya ardhi ya watu wengine, na mipango hiyo ilipovunjika, kama ilivyovunjika hapa kwetu baada ya muda mfupi tu, ardhi haikurudi kwa wenyewe. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kila mara.

Waingereza walikuwa na uzoefu wa kazi hii tangu zamani. Mfano niliokuwa nikiwapa wanafunzi ni wa koloni la Rasi, Afrika Kusini, karne moja kabla ya Kericho. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi makwao, kazi hakuna na mkate ni ghali. Julai 1819 Bunge la London likatenga pauni 50,000 za kusafirisha familia hadi mpaka wa mashariki wa koloni hilo, na masharti yakatangazwa. Mtu hakwenda kivyake. Ilibidi apatikane kiongozi wa kundi mwenye wanaume wasiopungua kumi, aandike orodha ya majina yao, umri, kazi wanazozijua, wake zao na watoto, kisha aipeleke serikalini. Kwa kila mwanaume na mkewe na watoto wawili wadogo iliwekwa amana ya pauni 10, ambayo ingerudishwa kwa mafungu baada ya kufika. Kila mwanaume alihesabiwa ekari 100, na hati ingetoka baada ya kukaa miaka mitatu. Walioomba walikuwa wengi kupita kiasi. Waliokwenda ni watu wapatao 4,000, katika makundi yanayokaribia sitini.

Kundi moja lilikuwa la Wamethodisti wa London, chini ya mtu aitwaye Hezekiah Sephton. Lilikuwa kubwa kiasi cha kuruhusiwa kwenda na mchungaji wao anayelipwa na serikali, William Shaw. Walipanda meli iitwayo Aurora, na walipofika wakajenga kijiji wakakiita Salem. Kundi lingine lilitoka Nottingham. Hao walikuwa maskini, na nauli na amana zao zilichangwa na wakubwa wa kwao, akiwemo Duke wa Newcastle. Wote walishukia ghuba ya Algoa, mahali ambapo leo ni Gqeberha. Hapakuwa na gati. Watu walitolewa melini kwa mashua katikati ya mawimbi, wanawake na watoto wakibebwa mgongoni hadi ufukweni, ambako serikali ilikuwa imepiga mahema. Kutoka hapo walichukuliwa kwa magari ya ng'ombe ya Makaburu, yaliyokodiwa, mpaka kila kundi likateremshwa kwenye kipande chake na kuachwa hapo na masanduku yake.

Kile kipande kilikuwa cha nani? Nilikuwa nikiuliza darasa, na kwa kawaida lilikuwa likinyamaza. Eneo lile liliitwa Zuurveld. Mwaka 1812 jeshi la Waingereza chini ya Kanali John Graham liliwafukuza Waxhosa wapatao 20,000, likachoma nyumba zao na kuharibu mazao shambani, likawavusha Mto Fish. Tarehe 22 Aprili 1819, miezi mitatu tu kabla ya Bunge kupitisha zile pauni, Waxhosa wakiongozwa na Makhanda walirudi kuidai nchi yao, wakaishambulia Grahamstown mchana kweupe, wakashindwa na mizinga. Makhanda alifungwa Robben Island na akazama baharini akijaribu kutoroka. Zile familia za Uingereza zililetwa kujaza pengo, ziwe ukuta wa watu kati ya koloni na wenye nchi. Wengi wao hawakuwa wameambiwa hivyo.

Na mpango ule ulianguka. Ngano ilishikwa na ugonjwa wa kutu msimu baada ya msimu, kisha mwaka 1823 mafuriko yakachukua kilichobaki. Mafundi viatu na washonaji waliokuwa wameitwa wakulima waliacha ekari zao wakahamia mjini kufanya kazi walizozijua. Viwanja vidogo vikaunganishwa kuwa mashamba makubwa ya kondoo wa sufi. Sasa msomaji mwenzangu atazame hapo: familia nyingi zilizoletwa zimeondoka, viwanja vyao vimeachwa, na Waxhosa wapo ng'ambo ya mto wanaona. Hawakuitwa. Iliwachukua hadi mwaka 2018 hata jina la mji wa Grahamstown kubadilishwa kuwa Makhanda.

Nimeanzia mbali ili ionekane kwamba yaliyotufika sisi yalikuwa yamekwisha kujaribiwa kwingine.

Turudi nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali ya Uingereza ilikuwa tena na askari wengi wasio na kazi. Kuanzia 1919 hadi 1922 ilitoa nauli ya bure kwa wastaafu wa vita na familia zao waliotaka kuhamia makoloni. Huku kwetu, Gavana Edward Northey alisimamia mpango wa kuwapa mashamba. Waombaji walichujwa na kamati Nairobi na London, na sharti mojawapo liliandikwa wazi: mwombaji awe wa asili halisi ya Ulaya. Yalitengwa mashamba zaidi ya elfu moja, jumla ya ekari zaidi ya milioni mbili. Baadhi, ya ekari 160 kila moja, yalitolewa bure kabisa. Yaliyobaki yaliuzwa kwa malipo ya polepole. Juni 1919 watu walijazana katika ukumbi wa Theatre Royal mjini Nairobi, majina yakatiwa kwenye mapipa ya kuzungushwa jukwaani, yakachomolewa moja moja kutwa nzima, na aliyetajwa mapema ndiye aliyechagua shamba mapema. Ilikuwa bahati nasibu ya nchi yetu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na wenyeji wa ardhi iliyokuwa ikigawanywa hawakuwemo ukumbini.

Hawakuwemo pia wale waliopigana vita hivyo hivyo. Askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Uingereza, waliovuka mipaka kumfuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hawakupata ekari hata moja katika mpango ule. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa wakibebea jeshi risasi na unga, wameachiwa jina la soko pale Kariokor. Kwa majirani zetu Wanandi ilikuwa mbaya zaidi. Walikuwa wamekwisha kupoteza nchi nyingi baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa mwaka 1905, wakaahidiwa kwamba walichobakishiwa ni chao. Mwaka 1919 zikakatwa tena maili za mraba zipatazo mia moja kutoka katika hifadhi yao, yaani eneo walilotengewa na serikali, ili wagawiwe askari wa Kizungu.

Kericho ilikuwa na mpango wake wa pekee, na huu ndio ninaotaka wasomaji wako waujue, kwa sababu hata wenyeji wengi hawaujui. Mwaka 1919 iliundwa kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama BEADOC, yaani koloni la maafisa walemavu wa Uingereza katika Afrika Mashariki. Wanachama wake walikuwa maafisa waliojeruhiwa vitani: mwingine amekatwa mguu, mwingine mapafu yameharibiwa na gesi. Walichanga mitaji yao katika kampuni moja ili walime pamoja, kwa kuwa mmoja mmoja wasingeweza. Serikali ikawapa ekari zipatazo 25,000 kando ya Kericho, ardhi ya Wakipsigis, mahali ambapo mvua hainyimi mwaka mzima.

Ninawaonea huruma watu wale, na sitaki barua hii isomwe kama ya chuki. Kijana wa miaka ishirini na mitano aliyeachwa bila mkono na taifa lake alistahili kutunzwa na taifa lake. Kwa nini atunzwe na wazee wa Belgut hapa Kericho, ambao hawakuwa na ugomvi na Mjerumani?

Zao walilochagua lilikuwa kitani. Hesabu yao kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Nguo ya kitani ilikuwa imehitajika sana vitani, hata mabawa ya ndege yalifunikwa kwayo, na Urusi iliyokuwa ikiuza kitani kingi kuliko nchi nyingine yoyote ilikuwa katikati ya mapinduzi. Bei ilikuwa imepanda ajabu. Nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita kogo, alikuwa msichana wakati huo na aliifanya kazi ile. Alisema asubuhi shamba zima lilikuwa buluu, maua madogo kama ya kuchora, na kabla ya saa sita mchana yamedondoka yote, huoni hata moja. Kitani hakikatwi kwa mundu. Hung'olewa na mizizi yake, konzi kwa konzi, ili nyuzi ziwe ndefu. Mashina yake ni magumu, na mikono ya wasichana ilichanika kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo jeraha haliponi kwa sababu kesho unashika tena. Matita yalilowekwa kwenye madimbwi siku nyingi mpaka yaoze, ndipo nyuzi ziachane na mti wake. Alisema harufu yake iliwafuata hadi nyumbani, na ng'ombe walikataa maji ya bonde lile. Kisha yalianikwa, yakapondwa, yakachambuliwa, yakapakiwa kwenye magari ya ng'ombe kupelekwa stesheni ya reli ya Lumbwa, hiyo tunayoiita Kipkelion leo, kwa njia ya tope lililofika kwenye ekseli.

Je, kogo alikwenda kule kwa hiari? Mpangaji mzuri haachi jambo hilo kwa hiari. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imeigeuza ardhi yote, pamoja na ile inayokaliwa na Waafrika, kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na walowezi wakakodishiwa kwa miaka 999. Mwaka 1921 mahakama kuu ikaamua kwamba Mwafrika katika ardhi yake ni mpangaji tu, anayekaa kwa ridhaa ya Mfalme. Sheria ya maskwota ya 1918 ikasema anayeishi kwenye shamba la mlowezi lazima amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Oktoba 1919 Northey akawatumia maafisa wake waraka uliowataka wawahimize machifu kutoa wafanyakazi, wakiwemo wanawake na watoto mahali ambapo shamba liko karibu na kijiji. Kisha kodi ikapandishwa, na kikaanza kutumika kipande, yaani cheti cha kazi cha kuvaliwa shingoni.

Kipande cha babu yangu ninacho. Ni kijikebe cha bati, bapa, chenye tundu la kupitishia kamba ya kuning'iniza shingoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka. Ina jina lake limeandikwa vibaya, kabila, alama za vidole, tarehe ya kuanza kazi na ya kuruhusiwa kuondoka. Jina la mwajiri limefutika kwa jasho. Mshahara unasomeka: shilingi nane kwa siku thelathini za kazi. Kodi ya kichwa, ilipokuwa imepunguzwa mwaka 1922 kwa sababu ya malalamiko ya watu, ilikuwa shilingi kumi na mbili. Afanye hesabu mwenyewe yule anayesema walitoa jasho lao.

Basi mpango ukaanguka. Mwishoni mwa 1920 bei ya kitani ilishuka hadi sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa. Mwaka huo huo serikali ilibadili thamani ya rupia kutoka shilingi moja na peni nne za Kiingereza hadi shilingi mbili. Aliyekuwa amekopa rupia 15,000, ambazo wakati akizichukua zilikuwa pauni 1,000, sasa alidaiwa pauni 1,500 bila kuongeza hata ng'ombe mmoja. Maafisa wale hawakuwa na njia. Kampuni yao ikavunjwa, koloni likatawanyika. Huko kwingine walowezi walijiokoa kwa kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, jambo lililomwinua Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi, na kuishia kwa risasi mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, tarehe 16 Machi 1922, watu wasiopungua ishirini na mmoja wakafa.

Hapa ndipo namwomba msomaji mwenzangu atulie kidogo. Ipo miaka michache kati ya kufa kwa kitani na kuja kwa chai. Ardhi ile ilikuwa imetolewa kwa ajili ya watu maalumu na kwa sababu maalumu, yaani kuwatunza majeruhi wa vita. Sababu imekwisha. Waliopewa wamefilisika. Wenyewe hawajafa; wako ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, hatua chache tu, wamebanana na ng'ombe wao. Na katikati ya miaka hiyo hiyo, Julai 1923, serikali ya Uingereza ilitoa tamko lake maarufu, lile la Devonshire, kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yakigongana na ya wageni, ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Haijapata kutokea nafasi nyepesi kuliko ile ya kulitekeleza tamko lenyewe. Hapakuwa na mlowezi wa kuhamishwa. Ilitosha kuwaambia wazee: rudini.

Hawakuambiwa. Kuanzia 1924 na 1925 zilifika kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, na ardhi ya BEADOC ikauzwa, ikapita kutoka mkono mmoja wa kigeni hadi mwingine kwa hati halali za sheria ile ile ya 1915. Vitabu vingi na mabango ya wageni huanza historia ya Kericho hapo, kana kwamba kampuni zilikuta msitu mtupu na mvua. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na mtaala niliopewa kufundisha ulikuwa na sentensi mbili kuhusu walowezi wa kijeshi na hakuna hata moja kuhusu wale maafisa.

Tume ya Carter, iliyoundwa na serikali ya Uingereza, ilipozunguka kuanzia 1932 kusikiliza malalamiko ya ardhi, mambo haya yote yalikuwa mabichi. Watu waliohamishwa walikuwa hai na wenye nguvu. Tume ilichofanya hasa ni kuipigia mistari mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, yaani ardhi waliyotengewa walowezi. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, wakapelekwa Gwassi, kwenye joto na mbung'o, wazee kwa watoto. Sitaendelea sana hapo maana hiyo ni barua nyingine.

Hata kuondoka kwa walowezi kulipangwa. Uhuru ulipokaribia, wale wa mashamba mchanganyiko ya mazao na mifugo hawakuachwa wapambane na soko. Ulianzishwa mpango wa ekari milioni moja mwaka 1962, kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, mashamba yakanunuliwa kwa bei iliyowaridhisha, na mzigo wa mikopo wakatwikwa wakulima wa Kiafrika, walipe kwa miaka thelathini. Wapo watu ninaowafahamu waliolipa mkopo wa ardhi ambayo baba zao walizaliwa juu yake. Mashamba makubwa ya chai hayakuguswa na mpango huo.

Kwa hiyo nikiambiwa vijana wetu wajipange kama Waingereza, nauliza wajipange na nini. Kundi la Sephton lilikuwa na meli, mahema, mbegu kwa mkopo, mchungaji wa kulipwa na jeshi la kulilinda. Maafisa wa BEADOC walikuwa na ekari 25,000, sheria ya kazi, sheria ya kodi na reli iliyojengwa tayari. Pamoja na hayo yote, wote wawili walishindwa. Ushirika wa vijana wa Ainamoi wanaofuga nyuki na kukodi robo ekari kwa bei ya kukomoa una nini kati ya hayo? Kama msomaji mwenzangu anataka tuige mpango ule, basi aanze kwa kutuambia serikali itatupa ardhi ya nani.

Nchi imepiga hatua, sikatai. Katiba ya 2010 iliwawekea wasio raia kikomo cha miaka 99, ile 999 ikafutika. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi katika gazeti rasmi la serikali ukikubali madai ya Wakipsigis na Watalai. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kueleza wasiwasi wao, na mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru nchi yetu mwaka 2023 alieleza huzuni na majuto kwa yaliyotendwa, bila kuomba radhi rasmi. Lakini kila majadiliano ya kodi za mashamba na ya kuongeza mikataba yanapoanza, mezani huwekwa hati za miaka ya chai. Mawakili huanza kuhesabu kutoka pale kampuni ziliponunua. Sisi tunapaswa kuhesabu kutoka 1919, kwa sababu swali si nani alinunua kwa halali bali aliyeuza alipata wapi, na kwa masharti gani, na masharti hayo yalipovunjika nani alipaswa kurudishiwa.

Nina maombi matatu, Mhariri. La kwanza ni kwako: gazeti lako lina waandishi Nairobi, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko pale Moi Avenue, mwendo wa miguu. Watumwe wakayatafute majalada ya walowezi wa kijeshi na ya maafisa walemavu, na yachapishwe masharti waliyopewa, kwa Kiswahili, ili mzee wa Kapkatet ayasome bila kumtafuta mjukuu wa kumtafsiria. La pili ni kwa serikali za kaunti za Kericho na Bomet: nakala za majalada hayo ziwekwe katika maktaba ambako mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi. Nilipokuwa kazini nililazimika kufundisha sura hiyo kwa maneno ya kogo na kikebe cha bati, na mwanafunzi aliyeniuliza "Mwalimu, imeandikwa wapi?" aliuliza vizuri.

La tatu ni kwa wenzangu wa Belgut, Bureti, Konoin, Sotik na Nandi. Katika nyumba nyingi kuna masanduku ya mbao ya marehemu: vipande, stakabadhi za kodi, barua za kuruhusiwa kuondoka kazini, hata ramani zilizochorwa kwa mkono zikionyesha makaburi na visima vilipokuwa kabla ya chai. Mtu akifa, vijana husafisha nyumba na kuchoma. Tafadhali msichome. Pelekeni kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu, zipigwe picha kwa simu pande zote mbili, iandikwe ni za nani na shamba gani, kisha mrudishiwe zenu. Mawakili wanaofuatilia madai haya wanahitaji majina na mahali.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Belgut, Kericho